Bibi Kaniuliza Bei ya Mwani



Najua nimepotea. Wiki tatu sijaweka kitu hapa, na wengine mmenitumia ujumbe kuuliza kama nimeoa kimyakimya. Sijaoa. Nilikuwa nyumbani Jambiani, kusini mashariki ya Unguja, likizo ya siku kumi ambayo nilipanga kulala na kula pweza wa nazi. Pweza nimemla. Kulala sikulala sana, na sababu ndiyo ninayotaka kuwasimulia leo.

Haya, nianze mwanzo.

Kabla ya likizo gazeti letu lilinituma kwenye semina ya uchumi wa buluu pale Mjini. Ukumbi wa hoteli, kiyoyozi kikali, chai na sambusa saa nne, bahasha ya nauli jioni. Nikarudi Dar na daftari limejaa, nikaandika makala ya ukurasa mzima. Mhariri akaipa kichwa kwamba mwani umewakomboa wanawake wa Zanzibar. Ndani niliweka takwimu zote mnazozijua: kwamba wakulima wa mwani visiwani ni zaidi ya 20,000, na karibu wanane kati ya kila kumi ni wanawake, kwamba mwani ni wa tatu kutuletea fedha za kigeni nyuma ya utalii na karafuu, kwamba kuna miaka tumevuka tani 10,000 za mwani mkavu. Nilinukuu wakubwa watatu. Sikunukuu hata mtu mmoja aliyelowa.

Nilijiona mwandishi kweli. Nikanunua nakala mbili za ziada, nikazifunga kwenye begi, nikapanda boti, kisha gari namba 309 mpaka nyumbani.

Bibi yangu, mama yake mama, analima mwani tangu mwaka 1990. Mwenyewe hasomi herufi hizi zetu, Kurani anaisoma. Basi jioni ile, baada ya "shikamoo bibi" na "marahaba mume wangu, mbona umekonda", nikampa mama mdogo gazeti amsomee. Bibi alisikiliza mpaka mwisho, mkono shavuni. Mimi nasubiri kusifiwa. Akaniuliza:

"Na bei umeiandika wapi?"

"Bei gani bibi?"

"Bei ya mwani. Kilo moja wananipa ngapi. Hapo sijaisikia."

Mama mdogo akapekua tena ukurasa kana kwamba bei imejificha kwenye picha. Haikuwepo. Wadau, makala ya maneno 1,200 kuhusu zao, na bei anayolipwa mkulima haimo! Mwalimu wangu wa uandishi pale chuoni angenirudishia karatasi bila kunitazama usoni.

"Kesho bamvu," bibi akasema. "Utanifuata."

Kwa msiokulia pwani: bamvu ni yale maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Bahari ikijaa inajaa kweli, na ikitoka inatoka mpaka mbali, ukaweza kutembea kwa mguu kuelekea kwenye mwamba. Hizo ndizo siku za mwani. Maji mafu yakija, mashamba hayafikiki, watu wanakaa nyumbani kusokota kamba za usumba na kungoja.

Tulitoka asubuhi. Shamba ni mistari ya kamba iliyovutwa baina ya vijiti viwili vilivyopigwa mchangani, na kwenye kila kamba umefungwa mwani kwa vikamba vidogo, kifundo kimoja kimoja. Ukipanda leo, unavuna baada ya wiki sita hivi. Unainama. Hakuna namna ya kulima mwani umesimama wima. Maji yanakufika magotini, baadaye kiunoni, jua mgongoni, na mwanga mwingine unakupiga usoni kutoka kwenye maji. Mimi nilidumu saa moja na nusu. Bibi, mwenye miaka inayokaribia sabini, aliendelea mpaka maji yalipoanza kurudi, kisha akavuta gunia la mwani mbichi hadi ufukweni. Nikajitia kulibeba. Watoto walinicheka.

Hapo bado hujauza kitu. Mwani unauanika siku mbili tatu, na mvua ikinyesha unakimbia kuufunika, la sivyo unaharibika na bei inashuka. Na kilo saba mpaka nane za mwani mbichi zinatoa kilo moja tu mkavu. Kilo hiyo moja ndiyo inayopimwa.

Sasa nirudi nyuma kidogo, maana wengi wetu tunauona mwani kwenye kadi za posta tu, mama kavaa kanga ndani ya maji ya kijani, tunadhani mambo haya ni ya tangu enzi. Si ya zamani hivyo. Wazee waliokota mwani wa kujiotea na kuuza, lakini kilimo chenyewe cha biashara kilianza mwaka 1989, hapa hapa Paje na Jambiani, kwa mbegu zilizotoka Ufilipino. Kabla ya hapo Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alikuwa amehubiri mwani kwa miaka, watu wengine wakishangaa msomi mzima anashughulika na majani ya baharini. Kinachotafutwa ndani yake ni karajinani, kitu cha kugandisha na kulainisha. Kipo kwenye dawa ya meno, kwenye aiskrimu, kwenye maziwa ya chokoleti. Asubuhi ya leo huenda umepiga mswaki kwa jasho la mtu wa Jambiani.

Mbegu zilikuwa aina mbili. Spinosamu, rahisi na ngumu kufa, na kotonii, yenye bei nzuri zaidi, karibu mara mbili. Mnaweza kubashiri ipi iliyokufa. Kuanzia miaka ya 2000 kotonii ikaanza kunyauka: matawi yanageuka meupe, yanalainika, yanakatika. Maji ya kina kifupi ndani ya mwamba yamezidi joto, na mwani ukishapata mateso hayo magonjwa yanaingia. Bibi anasema alijaribu kotonii misimu minne baada ya ile ya kwanza kufa, kisha akaacha. Wakulima wengi wakabaki na spinosamu, yaani walibaki na kazi ile ile kwa bei ndogo.

Watafiti walitafuta njia. Dk. Flower Msuya, aliyefanya kazi na wakulima hawa kwa miaka mingi kutoka Taasisi ya Sayansi za Bahari pale Mjini, alijaribu nao nyavu za mirija ili mwani upelekwe kwenye kina kirefu, ambako maji hayapati joto sana. Wazo zuri kabisa. Lakini huko kunahitaji boti na kujua kuogelea, na wanawake wengi wa kizazi cha bibi hawakufundishwa kuogelea. Wamezaliwa hatua hamsini kutoka baharini na wanaijua bahari kwa kutembea. Baada ya UVIKO-19 Serikali iligawa boti kwa vikundi vya wakulima wa mwani, na ni jambo jema. Bibi yangu hajapanda. "Mimi nipande ngalawa na umri huu, nikazame, nani atawapikia?"

Tuendelee na bei, maana ndiyo niliyoulizwa.

Jioni ya siku ile bibi alinitolea mkebe wa biskuti. Ndani mlikuwa na risiti za mauzo ya mwani, zimefungwa kwa vikamba vile vile vya shambani. Nyingine zimefutika. Nikachagua mwaka mmoja ambao zilionekana kutimia, 2013, mwaka nilioutumia darasani nikiwa na sare mpya na viatu vyeusi. Nikazijumlisha kwa simu.

Kilo 612. Bei, shilingi 400 kwa kilo. Jumla kwa mwaka mzima: shilingi 244,800.

Nilirudia hesabu mara tatu. Ni shilingi 20,400 kwa mwezi. Siku zile kilo moja ya mchele pale dukani ilikula karibu kilo nne za mwani. Na kama kila kilo moja kavu ni kilo nane mbichi, basi mwaka ule bibi yangu alivuta kutoka baharini karibu tani tano. Kwa mikono, kwa kichwa, kwa mgongo.

Sikusema kitu. Nilikumbuka godoro nililonunuliwa nilipokwenda chuo.

Bei ile haikuwa ya bibi. Utaratibu uliozoeleka ni huu: kampuni inayonunua inakupa kamba na vikamba, nawe unauza kwake, kwa bei iliyopangwa na wao. Nao watakwambia bei wanaipangiwa na soko la dunia, ambako Indonesia na Ufilipino wanauza mwani kwa wingi ambao sisi hatuufikii. Yote hayo yana ukweli. Lakini katika mnyororo huo mrefu kuna mtu mmoja tu ambaye hajawahi kuulizwa "wewe unataka ngapi", naye ndiye aliye ndani ya maji. Tangu mwaka 2013 bei imepanda. Kumepatikana pia wanaosaga mwani na kutengeneza sabuni na mafuta. Vikundi vya Paje, Kidoti na Bweleo vinajulikana. Kipande kimoja cha sabuni kinaweza kuuzwa kwa mtalii kwa pesa nyingi kuliko kilo nzima ya mwani. Ni kweli na inatia moyo. Ila watalii wanaonunua sabuni wana kikomo, na mwani wetu mwingi bado unaondoka mkavu ndani ya magunia.

Nilidhani hapo ndipo hadithi yangu ingeishia: kijana anapata aibu, anajumlisha risiti, anaandika upya. Kumbe.

Usiku wa pili yake kulikuwa na kikao cha familia baada ya sala ya Isha. Kuna kiwanja chetu pembeni ya ufukwe, alichoacha marehemu babu. Kina minazi sita na uchanja wa bibi wa kuanikia mwani. Wanawake watatu jirani nao wanaanika hapo hapo. Kwa sheria zetu ardhi ya Zanzibar ni ya Serikali na mtu ana haki ya kuitumia tu, lakini mnajua haki hiyo ya kutumia ufukwe wa Paje na Jambiani ina thamani gani siku hizi. Paje watalii wanateleza juu ya maji kwa tiara kubwa za rangi, na kamba za mwani zinawakera kama wao wanavyowakera wenye kamba. Jambiani hoteli zimeshikana mabega. Amekuja mtu anataka kiwanja chetu. Anatoa shilingi milioni 60.

Mjomba mkubwa ndiye aliyefungua mazungumzo. Mjomba mdogo alikuwa kwenye simu kutoka Muscat, anakatikakatika. Mimi nikafanywa karani kwa kuwa nimesoma. Na mjomba, ambaye mchana ule aliniona na mkebe, akaniambia, "Hebu waeleze ile hesabu yako ya mwani."

Nikaeleza. Nilikuwa na hamu ya kuieleza, nikidhani kila mtu atasikitika kama mimi.

"Sasa gawa milioni 60 kwa hiyo laki mbili na arobaini na kitu," akasema.

Nikagawa. Miaka 245.

"Miaka mia mbili arobaini na tano!" Mjomba akapiga paja. "Mama, hata wakikupa bei mara mbili ni miaka mia na ishirini. Utaishi miaka mia na ishirini wewe?"

Watu wakacheka, na bibi alicheka pia. Mimi nilitamani mchanga unimeze. Hesabu niliyoifanya kwa kumhurumia ilikuwa imegeuzwa kuwa rungu la kumpigia.

Na tusidanganyane, mjomba hakuwa na roho mbaya. Ana watoto wanne. Amevua samaki maisha yake yote na samaki wamepungua mbele ya macho yake. Ukimwambia habari za kulinda maisha ya asili ya watu wa pwani atakuuliza kama wewe unaishi hivyo. Mimi siishi hivyo. Naishi Dar, Sinza, chumba na sebule, na mgongo wangu ulikuwa bado unauma kwa saa moja na nusu ya bahari.

Bibi akaniambia, "Karani, andika tena. Mimi hapo changu ngapi?"

Kikao kikanyamaza. Kiwanja ni mirathi ya babu, na mirathi ina mafungu yake. Mjane mwenye watoto anapata thumni, moja ya nane. Kinachobaki wanagawana watoto, mwanamume mafungu mawili, mwanamke fungu moja. Nikaandika, mama mdogo akinimulikia kwa simu. Wajomba wawili, milioni 17 na nusu kila mmoja. Mama na mama mdogo, milioni nane na laki saba na nusu kila mmoja. Bibi, milioni saba na nusu.

Yeye ndiye mwenye fungu dogo kuliko wote.

"Sasa gawa hiyo," akasema.

Nikagawa milioni saba na nusu kwa risiti za mwaka 2013. Miaka thelathini na chembe. Bibi amelima mwani miaka thelathini na tano.

"Basi ni pesa niliyokwisha kuipata," akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayetaja bei ya nyanya. "Nimeezekea bati hii mliyokaa chini yake. Nimemnunulia mama yenu cherahani. Huyu karani nimempeleka skuli. Sanda ya baba yenu ilitoka humo. Na hakuna aliyenipa kwa kumwomba. Mkiuza, Idi mbili zijazo mtakuwa mmeshamaliza, mnanunua mapikipiki. Na mimi kesho yake asubuhi nitaanika wapi? Na hawa wenzangu watatu?"

Hakuna aliyemjibu. Simu ya Muscat ikakatika. Sijui kama ni mtandao au mjomba mdogo mwenyewe.

Wadau, mimi nimesoma maendeleo chuoni muhula mzima. Tulifundishwa pato la taifa, pato la mtu mmoja mmoja, wastani. Usiku ule kwenye jamvi nilielewa kosa langu la gazetini, na kwamba nilikuwa nimelirudia kikaoni. Niliandika tani bila kuuliza kilo moja inamfikisha mtu wapi. Kisha nikagawa milioni 60 kana kwamba ni za bibi, wakati za kwake zilikuwa saba na nusu. Namba zote mbili ni za kweli, ila hazikumfikia mtu niliyesema nazungumza habari zake.

Na ndivyo tunavyozungumza kuhusu pwani yetu yote. Watalii wangapi wameingia, vitanda vingapi, tani ngapi, mabilioni mangapi ya uwekezaji. Mtu wa Jambiani, wa Makunduchi, wa Tumbatu, wa Micheweni kule Pemba, anasikia mabilioni hayo redioni akiwa anatengeneza kamba. Anayo haki ya kuuliza swali la bibi: hapo changu ngapi? Na pesa hiyo itakabidhiwa mkononi kwa nani, kwangu au kwa mtu atakayesema ananishikia?

Maana kuna jambo jingine ambalo risiti hazionyeshi. Kabla ya mwani, wanawake wengi wa kizazi cha bibi walipata pesa kidogo sana ya kwao wenyewe: kamba za usumba, pweza wawili watatu. Mwani ulipokuja, pesa ilipimwa na kuhesabiwa mbele ya mwanamke mwenyewe. Bibi anasema babu alinuna mwezi mmoja, mwezi wa pili akamwomba sukari. Ndiyo maana haachi. Ukimwambia unamnyonya anakubali. Ukimwambia aache anakushangaa. Anachotaka ni bei nzuri na mahali pa kuanika. Ni mambo mawili tu, na hata moja halikuwemo kwenye makala yangu.

Nisiwafiche, na mimi sina jibu safi. Mama mdogo anafua mashuka hotelini na mshahara wake, ingawa si mkubwa, hautegemei mvua. Hakuna binti hata mmoja wa ukoo wetu anayetaka kurithi vijiti vya bibi. Bahari inazidi kupata joto. Huenda baada ya miaka kumi uchanja ule usiwe na kitu cha kuanika, na mjomba akasema "si niliwaambia". Inawezekana.

Kikao kiliahirishwa mpaka mjomba mdogo atakaporudi likizo kutoka Muscat. Nimeambiwa niandike mafungu vizuri kwenye karatasi, kila mtu apate nakala. Nimeshaandika. Ni kazi ndogo kuliko zote nilizowahi kuandika na ndiyo iliyosomwa kwa makini zaidi.

Niliporudi ofisini nikamwomba mhariri nafasi ya makala ya pili. Akasikiliza, akatikisa kichwa. "Mdogo wangu, mwani tumeshaandika mwezi huu. Na bibi yako si habari."

Sawa. Basi naiweka hapa.

Ijumaa mama mdogo atamsomea bibi kwenye simu yake, kwa hiyo sehemu hii ni yake: Bibi, shikamoo. Mwaka 2013 kilo moja walikupa shilingi 400. Safari hii nimeiandika.

Nanyi wadau, kiwanja kingekuwa chenu mngefanyaje? Msinijibu haraka. Kwanza gaweni mafungu.

Nawasilisha.